Maganda ya Marehemu Orville

Gazeti letu hutoka Alhamisi. Alhamisi hii nilifika kituo cha mafuta kabla mwenyewe hajafungua, nikanunua nakala zote tisa alizokuwa nazo, nikazisokomeza chini ya kiti cha pikapu, nikajipongeza: Ndoo, leo umecheza kama wewe. Nikaingia mgahawani kwa Verna moyo mweupe. Nani nakutana naye mezani? Umeme, kalikunjua gazeti lile lile, pana kama shuka.

"Hilo umelitoa wapi wewe?"

"Huletwa na posta. Mwaka wa thelathini huu. Mbona unahema, umefukuzwa na ng'ombe?"

"Lete nikukunjie, kahawa italimwagikia."

"Kahawa yenyewe haijaja, Ndoo. Kaa chini."

Umeme anaitwa Umeme kwa sababu kutoka hapa mpaka Denver hakuna kiumbe mzito kama yeye. Akilenga shabaha, watu huenda msalani wakarudi bado hajafyatua. Lakini akishaachia, imeenda pale pale. Kusoma sasa ndiyo balaa: anasoma kwa kidole, neno baada ya neno, tena kwa sauti, maana anaamini jambo lisilosomwa kwa sauti halijasomwa.

Mkabala wake alikaa Kipimo. Huyu alistaafu kiwanda cha sukari, na kile chombo chake cha chuma cha kupimia mpaka unene wa unywele hakitoki mfuko wa shati. Anapima boliti, anapima mahindi. Siku moja alimpimia Verna mikate ya mdalasini akamwambia haijalingana, Verna akamnyima mikate wiki tatu.

Na mimi Delmar Stroud ndiye Ndoo. Kila Jumapili wapigaji wakishaondoka uwanja wa shabaha, naingia na ndoo kuokota maganda ya risasi waliyoyaacha. Wenzangu wanauita ubahili. Mimi nauita usafi wa mazingira.

Kiti cha nne kilikuwa cha Orville Haskett, mume wa Verna. Tulimzika Februari, na tangu siku hiyo hakuna aliyekikalia.

Sasa sikia shida yangu ilipolala. Sisi wote hujaza risasi zetu wenyewe, kila mtu kwenye chumba cha chini ya nyumba yake. Ganda lililopigwa unalisafisha, unalinyoosha, unalitia baruti, unalipachika kichwa kipya, unalibana mdomo, maisha yanaendelea. Mashine ya Orville ya kufanyia kazi hiyo ndiyo mashine. Chuma kizito cha kijani, mkono wake unateremka bila kelele. Yangu mimi mkono umechomelewa mara mbili na unacheza kama jino bovu. Nimeitamani mashine ya Orville miaka ishirini, hata mwenyewe akiwa hai, Mungu anisamehe. Na Verna alikuwa ametangaza kwamba Alhamisi hii, kahawa ikishanyweka, atasema nani kati yetu anaichukua.

Na Alhamisi hiyo hiyo mimi nimo gazetini, ukurasa wa tatu.

"Ketchel... yatwaa... kikaangio," Umeme akaanza.

"Soma michezo ya shule kwanza," nikamwambia. "Mjukuu wako kacheza."

"Mjukuu wangu anapiga tarumbeta."

"Basi soma hali ya hewa!"

"Hali ya hewa tunaiona dirishani," Kipimo akasema. "Mwache asome. Nataka kusikia tulivyozikwa."

Kikaangio chenyewe ni cha chuma, kizee, kimepasuka mpini. Kila mwaka tunakigombania na wapiga bastola wa mji jirani wa Ketchel, watatu kwa watatu, na miaka tisa kilining'inia ukutani hapa kwa Verna. Sasa pamebaki msumari.

"Timu yetu... ilikuwa mbele... hadi raundi ya mwisho," Umeme akaendelea, kidole kikitambaa, "ambapo bastola ya... Bwana Stroud..."

"Hoyee," akasema Kipimo.

"...ilikwama... baada ya risasi ya nne. Risasi mbili... hazikupigwa. Ketchel ilishinda... kwa pointi tatu."

"Pointi tatu!" Kipimo akasema. "Risasi mbili zimebaki tumboni! Pointi tatu angezipata hata paka wangu, na paka wangu ana jicho moja!"

"Imetosha," nikasema. "Habari imeisha hapo."

"Haijaisha. Alipoulizwa... sababu..."

Nikakohoa. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Umeme akanitazama kwa huruma, akanisogezea maji, akaendelea kusoma.

"...Bwana Stroud alijibu: 'Mimi sina kosa. Nilitumia maganda... ya marehemu Orville Haskett. Orville alikuwa mtu mzuri... ila kwenye maganda... alikuwa mtu wa ovyo ovyo.'"

Kutoka jikoni tulisikia mafuta yakichacharika na Verna akiimba kidogo. Basi ugomvi ukaanza, lakini ugomvi wa kunong'ona, maana hakuna aliyetaka asikie mwenye nyumba.

"Orville?" Kipimo akanong'ona, mishipa imemtoka. "Orville ovyo ovyo? Mtu aliyekuwa akiyakata maganda yote urefu mmoja mpaka mimi nikiyapima naona haya?"

"Mwandishi alinikuta nina hasira. Maneno yalinitoka."

"Yalikutoka au uliyatoa?"

"Marehemu hasemwi, Ndoo," Umeme akasema.

"Hasemwi vibaya! Mimi nilianza kwa kusema alikuwa mtu mzuri. Angalia hapo, soma tena!"

Umeme akarudisha kidole juu kabisa. "Ketchel... yatwaa..."

"Usisome tena!"

"Wewe ndiye umesema nisome."

"Jamani, nawaomba," nikasema. "Verna akiyasikia haya, mashine nimeikosa. Na si mashine tu. Nitakunywa kahawa wapi mimi? Nina miaka sitini na nane, nikafukuzwe mgahawani kama mtoto aliyevunja kioo? Nifichieni. Mtu huteleza."

"Ulimi umeteleza, sawa," Kipimo akasema. "Sasa tuone kama maganda nayo yameteleza. Toa."

"Nitoe nini?"

"Usilete za kuleta. Tangu Jumamosi unatembea nazo mfukoni, unamwonyesha kila mtu. Toa ushahidi wako."

Kweli nilikuwa nazo. Katika kujitetea nimewaonyesha daktari wa mifugo, kinyozi na mama wa benki. Nikamimina juu ya kitambaa cha karatasi: maganda manne matupu na risasi mbili zilizogoma kupigwa, mojawapo kichwa kimechomoza kama kobe anayechungulia. Kipimo akatoa chombo chake, akayapima moja moja, akayasimamisha kwa mstari. Hata mimi niliona. Lile refu, lile fupi, lile la katikati.

"Haya," akasema, "darasa la watoto wadogo. Ganda refu likiingia mashineni, mdomo unabanwa sawasawa. Ganda fupi mashine inaligusa juu juu, kama mtu anayelazimishwa kumbusu mkwe wake. Kichwa hakijashikwa. Unapiga ya kwanza, bastola inaruka. Unapiga ya pili, inaruka. Kichwa kinachomoka kidogo kidogo mpaka pua inatokeza mbele ya silinda. Silinda itazunguka vipi hapo?"

"Haizunguki," Umeme akasema.

"Ahsante. Sasa somo la pili. Bastola zetu hizi za silinda hazitemi maganda. Unapiga sita, unafungua, unayamimina kiganjani, unarudi nayo nyumbani. Mtu wa silinda anazeeka na maganda yale yale aliyoanza nayo. Ni kweli au uongo, Ndoo?"

"Kweli."

"Basi niambie." Akaligeuza ganda la kwanza, akasoma chapa kitakoni. Akaligeuza la pili, la tatu, mpaka la sita. "Viwanda vinne! Maganda sita, viwanda vinne! Wamekutana wapi hawa?"

"Ukoo mkubwa," Umeme akasema.

"Orville ndivyo alivyoyaacha," nikasema. Niliusikia uongo wangu ukitoka na sikuweza kuuwahi. "Alikuwa mgonjwa mwisho mwisho, si mnajua. Macho yalikuwa yamepungua."

"Alikufa kwa moyo, si kwa macho!"

"Moyo ukilegea na macho yanalegea."

"Ndoo," Kipimo akanong'ona, "wewe ukifa tutakuzika na koleo la kuchimbia, uendelee kushuka mwenyewe."

Hapo mlango wa jikoni ukasukumwa, Verna akatokea na birika la kahawa mkono mmoja, sahani ya mikate ya mdalasini mkono wa pili. Mimi nikalikalia gazeti. Sijui nililipokonyaje kwa Umeme, najua tu kwamba lilikuwa chini yangu na lilikuwa likilia krr krr kila nikivuta pumzi.

"Mnanong'ona nini kama wezi wa kuku?"

"Hali ya hewa, shemeji," nikasema.

Lakini Umeme ni mtu asiye na kona. Akamtazama Verna na yale macho yake ya ndama. "Shemeji, eti Orville maganda yake yalikuwa hayalingani?"

Verna akaweka birika. Akaweka sahani. Akainama juu ya kitambaa cha karatasi, akayalaza maganda chali kwa kidole kimoja, moja, moja, mpaka yakaisha.

"Haya si ya Orville."

"Unajuaje?" nikauliza. Hilo swali hata mbwa wangu asingeliuliza.

"Ya Orville yana rangi ya kucha kitakoni. Rangi yangu mimi, nyekundu. Kila majira ya baridi chupa nzima. Harusi ya mdogo wangu nilikwenda kucha tupu, maganda nyumbani yamependeza kuliko bibi harusi. Nilimnunia mwezi." Akavuta kiti cha Orville, akakikalia. "Machi nilikupa mkebe wake, Delmar. Maganda mia tatu. Yako wapi?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Rafu ya juu. Nimeyafunika taulo."

"Umeyapiga mara ngapi?"

"Sijayapiga."

"Hata moja?"

"Hata moja, shemeji. Nayatunza. Kwa siku maalumu."

Kipimo akaangusha chombo chake mezani. "Siku maalumu! Na kugombania kikaangio ilikuwa siku gani, ya kufua nguo?"

"Wewe huelewi! Ganda ukilijaza na kulipiga, ukalijaza na kulipiga, mdomo unapasuka, unalitupa. Yale yakipasuka basi tena. Nani atayakata mengine vile? Nani atayapaka rangi?" Sauti ilinipanda, nikashindwa kuishusha. "Kila Ijumaa nafungua mkebe nayaangalia. Mia tatu, yote sawa, vitako vyekundu. Nikasema siwezi kuyamaliza. Nikiyamaliza, Orville naye atakuwa amekwisha."

Hakuna aliyenitazama. Nje lilipita lori la viazi-sukari vya kiwandani, vioo vikatetemeka.

"Kwa hiyo siku ya mashindano ukaenda na ya kwenye ndoo," Verna akasema.

"Nikaenda na ya kwenye ndoo."

"Wageni wamepiga risasi za dukani, wamekanyaga maganda kwa viatu, wewe ukayaokota."

"Niliyaosha."

"Mkashindwa."

"Tukashindwa."

"Nani?"

"Nikashindwa. Mimi. Peke yangu."

"Halafu ukamsingizia maiti."

Nikainamisha kichwa. Gazeti likalia krr.

"Maiti hawezi kumwandikia mhariri," Umeme akasema, kwa huzuni ya kweli.

"Nisamehe, shemeji. Mashine mpe Kipimo. Kahawa nitakunywa kwenye pikapu." Nikaanza kuinuka. "Nakuomba kitu kimoja tu, ukurasa wa tatu usiusome."

"Nimeusoma tangu asubuhi."

"Vipi? Nilinunua yote!"

"Linaletwa na posta, Delmar."

Kipimo alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Umenunua mangapi?" Nikamwambia tisa. Umeme akarudia "tisa" polepole, akaitafakari ile namba, halafu naye akaanza kucheka. Kicheko cha Umeme kikianza hakisimami leo.

Nilidhani Verna atanimwagia birika. Badala yake niliona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka na yeye, aproni mdomoni, na machozi yanamtoka.

"Miaka arobaini na moja," akasema. "Miaka arobaini na moja yule mtu akikosa shabaha anarudi, hajavua hata kofia, anasimama mlangoni: 'Ni maganda, Verna.' Ameyapima, ameyakata, amemaliza rangi yangu ya kucha, bado ni maganda! Mkono haukutetemeka hata siku moja. Jua halikumchoma macho. Maganda! Leo asubuhi nimesoma maneno yako, mayai yakaniungulia. Tangu Februari sijausikia ule uongo humu ndani. Nimeukumbuka, Delmar. Nimeukumbuka sana."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Kaa chini. Sijamaliza."

Nikakaa.

"Mashine haiendi kwa mtu. Itabaki pale pale chini ya nyumba yangu. Na nafasi ya Orville kwenye timu naichukua mimi."

Kipimo akaacha kucheka. "Wewe? Unapiga?"

"Zile risasi zake alizokuwa anawaringishia, ulidhani nani alikuwa anazijaribu kwanza? Tangu Juni naenda uwanjani kila Jumanne, nyie mmelala usingizi wa mchana. Alizoziacha zimeisha wiki jana." Akamimina kahawa vikombe vinne, bila haraka. "Kikaangio nakitaka pale kwenye msumari. Ukuta unanikera."

"Lakini nafasi ya Orville ninayo mimi," nikasema.

Hebu fikiria. Miaka kumi na minane nilikuwa mtu wa akiba. Nilibeba masanduku, nilibandika karatasi za shabaha, nilishangilia. Orville akafa, nikaingia, nikapiga shindano moja. Moja! Tena si zima, limepungua risasi mbili.

"Ulikuwa nayo," Verna akasema. "Unarudi akiba. Ila nina kazi yako. Viganja vyangu vina baridi yabisi, ule mkono wa mashine siwezi kuuvuta mara mia tatu. Wewe ndiye utakayenijazia. Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Na mkebe wangu uje nao. Wote."

"Mia tatu yote?"

"Yote. Maganda yalitengenezwa yapigwe."

"Na mimi nitapima kila moja," Kipimo akasema, tayari anakipangusa chombo chake. "Likipungua unywele, narudisha."

"Haya, basi mwenzenu nitapiga lini?" nikauliza.

Umeme, ambaye maisha yake yote hajawahi kuwa wa kwanza kwa jambo lolote, alikuwa wa kwanza. "Siku maalumu," akasema.

Wee! Kipimo alipiga meza, maganda yangu sita yakaruka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuniokotea. Walitoka wanasukumana mlangoni. Kipimo aligeuka kunipigia saluti, Umeme akarudi kudai gazeti lake, nikainuka nikampa. Lilikuwa limekunjamana na lina joto. Akalinyoosha gotini, akaniambia atakwenda kulimalizia nyumbani, bado hajafika hali ya hewa.

Saa nane mchana nilikuwa nashuka ngazi za Verna na mkebe kifuani, nimeukumbatia kwa mikono miwili. Chini kule kuna taa moja, kigoda cha Orville kilichobonyea upande wa kulia, na mashine. Verna aliufungua mkebe mwenyewe, akachukua ganda moja, akatazama kitako chake chekundu chini ya taa, akanipa.

Nikaliweka mahali pake. Nikaushika mkono wa mashine. Miaka ishirini nimeutamani, na sasa upo kiganjani, na pale unaposhikwa rangi imelika kwa vidole vya mtu mwingine. Nikavuta. Ukateremka laini, bila hata sauti, nikavuta tena, nikaona taa inakuwa mbili, halafu nne.

"Una nini?" Verna akauliza nyuma yangu.

"Baruti, shemeji. Imeniingia machoni."

Akapitisha mkono juu ya bega langu, akachukua kopo la baruti kwenye rafu, akaliweka mbele yangu.

"Hujalifungua bado, Delmar."